Laki Mbili na Arobaini

Walikuwa wameilaza juu ya shuka la maua
kama mzazi wa jana,
na jua la dirishani likaipaka mafuta
kila palipopauka.
Tarumbeta. *Imetumika kidogo*, aliandika muuzaji wa Moshi.
Mimi Mwajabu wa Keko Machungwa,
mwaka wa kumi na moja nachomelea shaba
nyuma ya karakana ya makochi,
najua "kidogo" ni neno lenye tumbo.

Nikamwandikia: igeuze, niuone mgongo.
Bonyeza pistoni moja moja,
video, si picha, na sauti usiizime.
Nisomee namba iliyochongwa kiunoni.
Mbuzi wa kwenye gunia nilishamnunua mara moja,
alikuwa klarineti, alikuwa na mchwa.

Siku mbili kimya.
Ya tatu, video.
Pistoni ya pili ilipanda taratibu
kama mtu anayeamshwa kwenda msibani.
Hilo si kosa, hilo ni mafuta.
Ila kwenye bomba la mdomo, kwa chini,
vidoa vyekundu, kama vipele vya joto.
Hapo ndipo kifo kinapoanzia:
shaba inaoza kwa ndani
kwa mate ya miaka ambayo hakuna aliyeyafuta.

Nikatoa elfu themanini kichwani,
nikachukua mkaa, nikaandika ukutani:
laki mbili na arobaini.
Hamdani mpwa wangu, unayetaka kuanza, hapa soma mara mbili:
kikomo huandikwa mchana, umeshiba.
Usiku wa mnada una pombe yake.

Saa sita kasorobo.
Bando linakata roho, feni inakoroma.
Kuna mtu anajiita Mdomo Chuma,
nikipanda anapanda,
elfu tano, elfu tano,
ananikanyaga kisigino kama foleni ya maji.
Laki mbili na kumi. Ishirini na tano. Thelathini na tano.
Nikaweka arobaini.
Akaweka arobaini na tano.

Vidole vilikuwa na hoja nyingi.
Nikailaza simu kifudifudi kwenye godoro,
nikalala na hasira ya aliyeibiwa
kitu ambacho hakikuwa chake.

Kesho yake, mazoezi, Chang'ombe.
Kuna harusi Jumamosi na tarumbeta tunazo mbili tu.
Kilango wa tromboni akaja macho yamevimba,
anacheka peke yake.
"Nimeipatia bendi chombo! Lakini kuna jambazi mmoja,
Binti Shaba sijui nani, kanipandishia bei usiku kucha!"

Nilimtazama muda mrefu.
Kisha nikauliza la maana:
"Umeshalipa?"
"Bado. Kaniambia nimtumie kwenye namba yake,
tusipitie mnadani, atanipunguzia elfu kumi."
Simu ilikuwa mkononi, namba ya siri nusu imeandikwa.
Niliipokonya kama unavyompokonya mtoto wembe.

Pesa ikakaa kwa wenye mnada.
Muuzaji akanuna, akatuma.
Stendi ya Mbezi, dirisha la vifurushi,
sikusaini hadi boksi lilipofunguliwa.
Namba ya kiunoni ileile.
Ndani ya kasha, kitambaa kilichokauka kama ngozi,
na karatasi yenye mwandiko wa mtu:
*mazishi saa nane, njoo na soksi nyeusi.*
Alikuwa nani, sijui. Alipuliza sana.

Nikapuliza na mimi, palepale.
Ikatoka sauti ya ndama aliyekanyagwa,
karani akaangusha muhuri,
nikapuliza tena, ikatoka noti.
Nikasaini.

Bomba la mdomo nitalibadilisha mwezi ujao,
nina moja la maiti nyingine ndani.
Ukutani mkaa haujafutika.
Mimi na Kilango bado tunabishana
nani kati yetu alipe ile elfu tano.